Kuhara kwa Heshima na Taadhima

Jumatatu, 6 Oktoba

Habari mbaya. Na nimeipata kwa njia isiyo rasmi! Mama Valentine, anayetuuzia maji katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Kianda, Kibera, amenitamkia akiwa anafunga mfereji, bila salamu wala utangulizi: Kavetsa anahamishiwa Busia. Anaondoka Jumamosi ya wiki ijayo. Atakaa huko miaka miwili!

Nikamwuliza amejuaje. Akasema Kavetsa mwenyewe alimpigia simu. Mimi sikupigiwa.

Ni vyema niyaweke mambo wazi, kama ninavyomfanyia kila mlalamishi anayefika mezani pangu nje ya ofisi ya chifu. Mimi ni Wekulo, mwandishi wa maombi, malalamiko na rufaa. Shule ilinikomea darasa la saba. Iliyobaki nilijipa mwenyewe, kwa kamusi na subira. Kavetsa alikuwa jirani yangu, mlango wa tatu, mhudumu wa afya wa mtaa huu. Kila mwezi alibisha hodi, akaketi kwenye kiti changu cha plastiki, akaniuliza yale aliyowauliza wote. Unachemsha maji? Unatumia choo kipi? Kuna aliyehara humu ndani? Humu ndani niko peke yangu. Nilimjibu kwa aya nzima nzima. Alicheka, akaandika “hapana”.

Hakuna mtu mwingine aliyepata kuniuliza habari za tumbo langu kwa sauti ile.

Tangu Machi yuko Gatina, kule Kawangware, kwenye mradi wa ramani ya magonjwa. Chumba chake kilichukuliwa na kinyozi. Kinyozi ana spika.

Nina ombi moja kwake: akubali kuwa mke wangu. Halijawasilishwa. Limekuwa katika rasimu tangu mwaka juzi, kwa sababu aya ya pili haijatulia. Sasa lazima liwasilishwe kabla ya Jumamosi hiyo, ana kwa ana.

Elvis, jirani yangu mwendesha bodaboda, anasema dawa ni rahisi: “Panda nyuma, buda, nikufikishe Gatina saa hii.” Nikamweleza kwamba mtu mwenye staha haendi asikoitwa. Akasema kwa mwendo huu Mungu ataniita kabla ya Kavetsa.

Ulimi wa steji ya boda!

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata njia!

Nilikuwa nikikumbuka jinsi Kavetsa alivyokuja kuniaga mwezi ule wa Machi. (Huwa ninakumbuka asubuhi, kabla kinyozi hajafungua.) Alinieleza kazi yake mpya. Kuna mashine inayosoma yale watu wanayoandika hadharani mtandaoni, na kuhesabu yale wanayoyatafuta kwenye simu zao. Haitaki majina. Inataka mahali tu. Maneno ya kuhara, kutapika au homa yakizidi kiasi cha kawaida mahali fulani, pale panageuka manjano kwenye ramani, kisha pekundu. Pakiwa pekundu, kina Kavetsa wanatoka na glavu na dawa ya maji kwenda kuwauliza watu maswali. Nilimwuliza kama mashine hiyo inaweza kusoma huzuni. Akasema hapana, ni matumbo na homa tu.

Basi! Kianda ikiwa nyekundu, Kavetsa atakuja. Kwa wajibu wake wa kazi! Hakuna atakayesema Wekulo alimfuata. Ataketi kwenye kiti kile, ataniuliza habari za tumbo, nami nitawasilisha.

Nilijiuliza kama huo ni uongo. Nilitafakari kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Nikaamua kwamba sivyo. Ninaumwa. Ni kiungo gani kinachouma ni suala la kiufundi.

Nikaandika kwenye ukurasa wa wakazi wa Kianda: “Kwa wote wanaohusika. Mimi, mkazi wa Kianda, kwa heshima na taadhima, ninawasilisha taarifa kwamba tangu alfajiri ya leo ninasumbuliwa na kuhara kusikokoma, kunakoambatana na kutapika kwa kiasi. Ninaomba suala hili lipewe uzito unaostahili. Wenu mtiifu, Mwananchi.”

Kisha nikafungua akaunti nyingine, nikaandika kama Mwananchi wa Pili. Kisha kama Mama Mhusika. Kisha kama Mkazi Mwaminifu, ambaye hali yake niliifanya kuwa mbaya zaidi, kwa kuwa kufikia hapo mkono ulikuwa umeshazoea kazi. Hatimaye nikaiuliza simu: ni hatua zipi zinazofaa kuchukuliwa na mtu anayehara?

Elvis alisoma taarifa zote nne, akauliza kama tumbo langu limeajiri wakili.

Jioni Mama Valentine alibisha. Anasema tangu juzi maji ya mfereji yananuka na yana rangi ya chai ya mkopo. Anataka nimwandikie malalamiko kwa watu wa maji. Nikamjulisha kwamba kwa sasa nimeshughulika na jambo la afya ya umma. Asubiri zamu yake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ramani huwekwa mtandaoni kila asubuhi, yeyote aione. Niliifungua kabla sijanawa uso. Kianda: kijani. Kijani kibichi kama sukuma wiki!

Waliojibu taarifa zangu ni hawa: muuza mitishamba kutoka mahali pasipojulikana, mchungaji mmoja, na kijana aliyeandika, “Enda choo, wacha story.”

Nikatazama Gatina kwenye ramani. Ni kidoa kidogo tu. Nikakivuta kwa vidole viwili kikakua hadi kikajaa kioo, halafu hakikuonyesha chochote zaidi. Niliendelea kukitazama.

Kosa langu nimeliona. Simu moja haitoshi, hata ikiwa na wananchi wanne. Yanahitajika matumbo mengi. Nikaenda stejini kwa kina Elvis, nikawahutubia. Niliomba kila mmoja, pindi anapokosa abiria, atafute kwenye simu yake habari za kuhara, kwa maneno yake mwenyewe, na akiulizwa na mtu yeyote akiri kwamba anahara. Kama fidia, nitawaandikia bure malalamiko yao dhidi ya askari wa kaunti wanaowanyang'anya funguo.

Walicheka muda mrefu. Wanzala, mkubwa wao, aliuliza kama ni kweli ninafanya haya yote kwa sababu ya msichana wa afya. Nikasema suala la nia halimo katika ajenda. Wakacheka tena. Lakini wakakubali, na Wanzala akaapa kwa pikipiki yake. Ni watu wa neno.

Elvis ameongeza jambo ambalo sikumwuliza. Nyumba ya ghorofa yenye ofisi ya kina Kavetsa ni ya mzee mmoja wa huko huko Kawangware, anaitwa Gikonyo. Amefiwa na mkewe. Ana gari la kijivu. Kila siku saa nne asubuhi huwapelekea watu wa mradi chupa ya chai na mandazi, kwa mkono wake mwenyewe.

Mandazi! Mwenye nyumba gani hupelekea wapangaji mandazi?

Jumamosi, 11 Oktoba

Nyekundu! Nyekundu kama nyanya!

Lakini ni kituo cha Kawangware 46.

Niliigeuza simu. Niliizima nikaiwasha. Bado Kawangware 46. Kianda, kijani.

Nikamwita Elvis anieleze. Akaeleza huku anakula, bila haya. Asubuhi hapa Kianda abiria ni wengi, hakuna anayepata nafasi hata ya kukohoa. Wanawabeba hadi 46, na huko ndiko wanakokaa kivulini, mbele ya mama wa chapati, kungojea wa kurudi. Basi huko ndiko walikokuwa wakiharia. Kwenye simu, nataka kusema. Steji nzima, tangu Alhamisi, kwa bidii.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwamba hawatulii Kianda. Akajibu, “Hukuuliza, buda. Ulisema tukikosa abiria.”

Ndivyo nilivyosema. Ni maneno yangu kabisa.

Kisha yakaja mabaya zaidi. Kavetsa alifika 46 jana, kwa kuwa ofisini huiona ramani kabla yetu, na aliletwa na gari la kijivu. Aliketi mbele. Gikonyo alimshikia mwavuli. Mvua haikuwepo! Kavetsa akapita kwa mwendesha boda mmoja mmoja akiwauliza maswali, na wao, kwa kuwa ni watu wa neno, wakakiri wote kwamba wanahara. Wanzala alikiri akiwa na chapati mdomoni. Kila mmoja akapewa chupa ya dawa ya maji na mawaidha. Mama wa chapati amefungiwa hadi maji yake yapimwe. Jambo hilo linanisikitisha, na nimelihifadhi ili nilifikirie baadaye.

Elvis anasema Kavetsa alimwuliza kuhusu tumbo lake kwa kirefu. Akamwinamia. Akamwita ndugu yangu.

Nikamtaka anieleze aliuliza kwa sauti gani. Elvis akaacha kula, akanitazama. Akasema kwa sauti ya kawaida. Nikamwambia sauti hiyo si ya kawaida. Akaniachia nusu ya chapati.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani viti vya kina mama vilikuwa na mapengo. Nilipouliza, nikaambiwa ni matumbo. Watoto wa ploti ya nyuma, wote. Mke wa shemasi. Na Valentine, mtoto wa Mama Valentine, tangu jana hawezi kusimama.

Nikatoka nje upesi kuitazama ramani. Kijani!

Nilichunguza jambo hili kwa makini, na nimepata jibu. Kina mama hawaandiki. Hutumiana ujumbe wa sauti katika kundi la kanisa, tena kwa Kiluhya, na mashine haina masikio. Wala hawatafuti chochote mtandaoni. Ukiumwa unamwuliza dada yako, na dada yako ana majani ya mpera.

Kuhara halisi, kwingi, ndani ya Kianda, na kunapotea bure!

Nikamsihi Mama Valentine aandike hadharani. Nilijitolea kumwandalia maneno. Akaniuliza ni mama gani anayetangazia dunia nzima tumbo la mtoto wake. Nikasema ni wajibu wa raia. Akasema wajibu wa raia ulikuwa kuandika barua ya maji aliyoniomba Jumanne. “Wewe Wekulo, umeandikia watu wote wa Kibera. Mimi nimekukosea nini?”

Nikamhakikishia kwamba atafikiwa kufikia Jumatano. Akaondoka na mtungi wake mtupu. Hakugeuka.

Mchana nilirudi stejini kuwaomba watafutie Kianda badala ya 46. Wanzala akakataa. Alisema wameshapewa dawa ya maji, wameshamwona mama wa watu akifungiwa kibanda, na sasa kila abiria wa 46 anakaa mbali nao kwa kudhani ataambukizwa. Anataka malalamiko yake ya askari wa kaunti, kama tulivyoelewana.

Nimemweka kwenye foleni, nyuma ya Mama Valentine.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku tano zimebaki. Nimeandaa taarifa sita mpya, za wananchi sita. Gesi imekwisha katikati ya kazi. Kiu. Nimekunywa maji ya mfereji bila kuyachemsha, kikombe kimoja. Yana ladha. Kavetsa angekuwepo angeniuliza, nami ningelazimika kukiri.

Kinyozi anacheza nyimbo za mapenzi. Siku yote. Nimemwandikia onyo la kwanza.

Tumbo linanguruma kidogo. Bila shaka ni wasiwasi.

Jumanne, 14 Oktoba

Si wasiwasi.

Choo ni cha ploti nzima. Kuna foleni. Hakuna utaratibu.

Nilijaribu kutoa taarifa mtandaoni. Nilikusudia kuandika “Kwa heshima na taadhima”. Nilifika “Kwa”.

Jumatano, 15 Oktoba

Amekuja!

Ninaandika nikiwa nimeegemea ukuta, na mkono si thabiti, lakini kumbukumbu iko thabiti. Amekuja, na ramani haikuhusika hata kidogo. Mama Valentine alimpigia simu jana usiku, basi.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Mlango ulifunguliwa pasipo hodi. Mimi nilikuwa sakafuni, karibu na ndoo, katika hali nisiyopenda kuieleza hata humu. Kavetsa alikuwa amevaa fulana ya kazi na glavu. Akapiga magoti. Akaniuliza nimehara sana? Kwa sauti ile!

Nilikuwa nimesubiri swali hilo tangu Machi. Nilikuwa na majibu ya kurasa mbili.

Nikasema, “Sana.”

Akachanganya maji ya chumvi na sukari, akanishikia kikombe. Alinishika kisogo. Akasema, “Kunywa polepole, usijifanye mwanamume.” Ninayaandika maneno yake kama yalivyo, kwa kuwa sina hakika kama nitapata mengine.

Kisha akatoka. Kwa nafasi ya mlango nilimwona akiufuata mpira wa maji kutoka mferejini hadi nyuma ya ploti. Umepita ndani ya mtaro wa maji machafu, na pale umepasuka. Maji yakikatwa, uchafu unanyonywa ndani. Nyuma yake alikuwa mzee mmoja, viatu vizuri vikiwa vimezama topeni, akiburuta ndoo mbili za dawa. Gikonyo! Alinisalimia. Alinipa pole. Sikuwa na nguvu za kumchukia ipasavyo.

Kavetsa alirudi akavua glavu, akaketi. Kwenye kiti cha plastiki. Nikadhani sasa wakati umewadia. Lakini uso wake haukuwa wa kucheka.

Akasema taarifa zangu zilifika. Zote nne. Ofisini walizisoma kwa sauti, wakacheka hadi mmoja akamwaga chai, na ya Mkazi Mwaminifu imebandikwa ukutani. Yeye hakuhitaji kuuliza ni nani. “Wekulo, hakuna mtu anayehara kwa heshima na taadhima.”

Nikavuta blanketi hadi kidevuni.

Akasema walio juu yake hawakucheka. Walisema kuna mtu anayeichezea mashine kutoka Kianda, na kuanzia Ijumaa wakaiagiza iyapuuze maneno ya Kianda hadi wachunguze. Basi huku watoto wakiugua kweli, hata kijana mmoja wa ploti ya nyuma alipoandika kwamba nyumba yao nzima inahara, mashine haikumsikia. Siku hizo zote wao walikuwa 46, wakiwapima waendesha boda wazima. Valentine amelazwa zahanati, ametundikiwa maji. Atapona. Alisema hivyo mara mbili, atapona, kana kwamba anajiambia mwenyewe.

Mwandishi wa rufaa za watu. Mimi! Nilitafuta kifungu chochote kinachofaa. Kilikuja kimoja, “ninasikitika”, nikakisema kikiwa peke yake. Kilionekana kidogo mno.

Akauliza, “Ulikuwa unataka nini?”

Hata kinyozi alikuwa amezima spika. Kavetsa alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, akinitazama, na hakuwa na haraka. Ombi lote lilikuwa hapa kooni. Nikaliona jinsi lilivyo: halina utangulizi, aya ya pili ina kasoro, na mimi mwenyewe nanuka ndoo. Si namna ya kuwasilisha jambo kama hilo kwa mtu kama yule.

Nikaomba nipewe muda niliweke kwa maandishi.

Kavetsa alitazama chini. Kisha akasema polepole, si kwa hasira, “Na mimi ningoje mpaka lini?”

Akaichukua simu yangu, akaandika namba yake mpya ndani, na jina lake. Akasema Jumamosi asubuhi anaondoka. “Ukiwa na neno, nipigie. Usiniandikie.” Akanyoosha blanketi langu upande mmoja, ambao haukuwa umekunjika, akatoka.

Kiti nimekiacha pale pale. Nimemwambia Elvis asikikalie.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mafundi wa maji walikuja kabla ya adhuhuri. Kavetsa aliwapigia simu, akawaambia mpira umepasuka, wakaja. Hivyo tu! Bila anwani, bila rejeleo, bila nakala kwa chifu.

Nilimwita Mama Valentine kumjulisha kwamba nilikuwa nimeanza malalamiko yake, na nimefika kwenye tarehe. Akasema niiweke kalamu chini nikapumzike. Aliniletea uji. Valentine anarudi nyumbani leo. Nilimwomba radhi, akaniuliza kama uji una sukari ya kutosha. Haukuwa nayo, lakini nikasema unayo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo nilifika mezani pangu, ingawa miguu ilikuwa na maoni mengine. Mteja wa kwanza: Gikonyo!

Aliketi, akavua kofia, akasema Kavetsa amemwambia kwamba hakuna mwandishi anayenizidi. (Alisema hivyo! “Hakuna anayemzidi.” Nilimwomba arudie, nikijifanya sikusikia.) Ana jambo zito. Kuna mjane Nyeri, anaitwa Wamucii, anaimba naye kwaya anapokwenda nyumbani. Anataka kumwoa na hajui aanzie wapi. Ndiyo maana anawapelekea watu wa mradi chai kila siku: kumwuliza Kavetsa ushauri kuhusu wanawake!

Nilihisi mzigo wa wiki nzima ukishuka mabegani. Nikampenda yule mzee. Nikamwambia amefika penyewe, kazi kama hii huchukua mwezi mmoja, labda miwili, ikizingatiwa hadhi ya wahusika. Nikaanza kunoa penseli.

Gikonyo akasema mwezi ni mrefu, ana miaka sitini na moja. Akatoa simu, akampigia pale pale mezani pangu. Nilisikia kila kitu. Alisalimia, akauliza kuhusu ng'ombe, akakohoa, akasema, “Wamucii, mimi nimechoka kula peke yangu. Na wewe?” Kisha mwanamke akacheka kule Nyeri, cheko kubwa la mtu aliyekuwa akingoja. Akasema hata yeye.

Mzee aliinuka akilia machozi. Akanipa mkono, akaenda zake kununua ndizi za kumpelekea.

Nilimhurumia kwa dhati. Jambo zito namna ile, na hana hata nakala!

Jumamosi, 18 Oktoba

Ameondoka.

Elvis alimbebea mizigo kutoka Gatina hadi kwenye basi. Kabla ya kutoka alipitia kwangu, injini ikiwaka, akaniambia nafasi ipo, begi litakaa mbele, “twende tu umwambie, hata kama ni neno moja, buda, tafadhali.” Ni mara ya kwanza nimesikia Elvis akitumia neno tafadhali.

Nilikuwa nimevaa shati. Nilikuwa nimevaa hata viatu. Lakini Kavetsa alisema nipige simu, hakusema nije. Agizo lilikuwa wazi, na siwezi kuanza maisha ya ndoa kwa kukiuka agizo.

Elvis alirudi saa sita. Alisema Kavetsa aliketi upande wa dirisha, na kwamba aliuliza kama nimeanza kula. Elvis akamjibu kwamba ninakula vizuri. Kwa kweli sikuwa nimekula, lakini sasa nimekula, ili isiwe uongo.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Ofisi ya chifu imefungwa, kinyozi amekwenda uwanjani. Utulivu kamili. Siku nzuri ya kazi.

Asubuhi nilifungua ramani, upande wa Busia. Kijani kote, hadi mpakani. Basi yuko salama, na huenda ana nafasi.

Nimezingatia maneno yake kwa makini. Alisema nimpigie. Lakini kumpigia mtu simu ghafla, akiwa kazini, pengine amekula pengine hajala, ni kuvamia. Mtu wa hadhi yake anastahili notisi. Kwa hiyo ninaandaa barua fupi ya kuomba ruhusa ya kupiga simu, ambamo nitapendekeza siku tatu, ili achague. Niko kwenye rasimu ya tano. Aya ya kwanza ni salamu. Aya ya pili inaeleza kwamba hii si barua ile aliyonikataza, bali ni maandalizi ya simu aliyoniagiza. Aya ya tatu inasumbua.

Wakati wa chai, simu ililia.

Kavetsa! Jina lake, kwa herufi alizozibonyeza kwa kidole chake. Simu ilitetemeka juu ya meza ikasogea hadi ikagonga kikombe. Moyo wangu ulifanya vivyo hivyo. Nilinyoosha mkono.

Lakini ningepokeaje? Ningesema nini, na aya ya tatu haijakaa?

Ikanyamaza. Ikalia tena. Ikalia kwa muda mrefu, muda wa kutosha mtu kusema neno moja, hata mawili. Ikanyamaza.

Nilikaa nikiutazama mwanga wa kioo hadi ukazimika. Kisha nikavuta karatasi safi na kuanza rasimu ya sita, yenye maneno ya moyoni zaidi. Inakwenda vizuri. Nitaituma kwa posta. Akinijibu kwa maandishi kwamba ananiruhusu, nitampigia siku hiyo hiyo.